Alama zangu za huruma zimeshuka

Zuhura shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, mvua inanyesha, pesa hakuna. Najua nimekaa kimya tangu Idi, utanisema tukionana. Leo nakuandikia kwa sababu nimefeli mtihani usio hata na kufeli.

Unalikumbuka lile dodoso la mwaka wa kwanza, la chuo cha Jefferson kule Philadelphia, Marekani? Maswali 20, kila moja unajipa alama 1 hadi 7, kupima huruma, yaani kama unaweza kuona mambo kwa jicho la mgonjwa mwenyewe. Nilipata 124 kati ya 140, nikaringa wiki nzima. Juzi mwalimu katujazisha tena. 97! Eti nisishtuke, kwenye utafiti wao wa 2012 wanafunzi wa uuguzi waliokutana zaidi na wagonjwa ndio walioshuka zaidi. Nikamuuliza, kumbe wodi ndiyo inayotuharibu? Akacheka tu.

Mimi najua zilikokwenda. Wodi ya wanawake, mama mmoja kanishika mkono: "Nesi, kaa kidogo." Nikamjibu kama tulivyofundishwa, neno kwa neno: "Pole mama, naelewa unavyojisikia." Jicho liko kwenye kitabu cha saini, kile cha kusainiwa kila kazi ya wodini tuliyoifanya, nimebakiza presha sita na sindano. Akaniachia mkono taratibu, Zuhura, kama yeye ndiye anayenionea huruma.

Kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake kuna saini. Dripu, saini. Kukaa kidogo hakuna pa kusainiwa.

Unajua lini nilifundishika kweli? Siku ile nilipoigiza mgonjwa ukanilisha uji umenisimamia, huku unapiga soga na Neema. Ulinichoma ulimi! Nilikuchukia hadi jioni. Mama Shija akasema tutarudia kila muhula, ikaishia hapo. Siku hizi tunajifunzia sanamu, na sanamu haiungui.

Yule mama karuhusiwa Ijumaa, sikuwa zamu. Bado nausikia ule mkono.

Haya, huko Lindi mnafanyaje? Wewe unakaa nao? Muda unauiba wapi? Au na wewe unasema "naelewa" huku unaangalia saa? Nimekuwekea nakala ya dodoso humu. Lijaze baada ya zamu ya usiku, si kabla, na usidanganye. Na sweta langu linarudi lini?

Wako,
Mwana