Sarafu, kikapu na ubishi wetu

Rafiki yangu,

Salamu. Barua yako nimeipata, na nimecheka sana uliponiita mtu wa mahesabu asiye na moyo. Wewe unashikilia kwamba mchezaji wa kikapu akifunga mfululizo mkono wake hushika moto, na mtupo unaofuata una nafasi kubwa zaidi ya kuingia; mimi nilikataa. Leo nakukabidhi nusu ya ushindi. Nusu nyingine siiachii.

Unakumbuka nguzo ya ubishi wangu. Mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walipekua mitupo ya wachezaji tisa wa Philadelphia 76ers, timu ya kikapu ya Marekani. Baada ya kufunga mara tatu mfululizo, mtupo uliofuata uliingia kwa asilimia 46. Baada ya kukosa mara tatu, asilimia 56. Nikakwambia hakuna cha mkono kushika moto. Hata sarafu, ukiirusha mara 100, aghalabu itakupa vichwa vitano mfululizo mahali fulani, nayo haina mkono wala moyo.

Hapo ndipo niliponaswa. Shika kalamu. Sarafu inarushwa mara tatu: K ni kichwa, N ni namba. Baada ya kichwa, kichwa kingine kinakuja kwa asilimia ngapi? Mifuatano iko minane; tafuta asilimia hiyo ndani ya kila mmoja. NNN na NNK tunaiweka kando, maana hakuna mrusho uliofuata kichwa. Inabaki sita: KKK na NKK asilimia 100 kila mmoja, KKN 50, kisha KNK, KNN na NKN sifuri. Gawanya kwa sita. Unapata kama 42, si 50! Nilirudia kujumlisha mara tatu nikidhani nimekosea. Kumbe kipimo chenyewe kinapunja. Watafiti Miller na Sanjurjo ndio walioligundua hilo, makala yao ikachapishwa 2018. Maana yake, mchezaji ambaye asilimia yake haishuki baada ya kufunga mfululizo, kwa kipimo kile, kwa kweli amepanda.

Halafu kuna mabeki. Aliyewaka hukabwa na wawili, naye kwa kujiamini anaanza kutupa kutoka mbali. Daftari la "imeingia, imekosa" halioni hayo.

Lakini usishangilie bado. Utaniletea Klay Thompson wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Januari 2015, pointi 37 katika robo moja, mitupo 13 yote ndani. Kwa mtu wa asilimia 50, hiyo ni bahati moja kati ya 8,192. Sawa, ila robo zilizochezwa na wachezaji wote tangu ligi ianze ni nyingi mno, na sisi tunaikumbuka hiyo moja.

Na yule kocha wako anayeomba mapumziko timu ikifungwa 10 kwa sifuri, kisha anasifiwa kwa kukata upepo? Upepo wa namna hiyo mara nyingi hukatika wenyewe. Ungejuaje, bila kuhesabu na mara ambazo hakuomba?

Mechi ijayo njoo na daftari. Wewe andika kila mtupo umeingia au la. Mimi nitaandika umbali, na mabeki wangapi walikuwa usoni pake. Ila uandike papo hapo, si baada ya filimbi ya mwisho. Nakujua.

Wako,
mtu wa mahesabu