Barua kutoka Natchez: Nasaba Mbele ya Hakimu

Natchez, Mississippi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza kama mahakama za huku Marekani nazo huchimbua nasaba za watu wanapogombea ardhi. Huchimbua, na mji huu mdogo, uliojengwa kwenye mwinuko kando ya mto Mississippi, una shauri moja ambalo wewe, uliyezoea kesi za mirathi, hutalisahau.

William Johnson alizaliwa mtumwa mwaka 1809. Bwana wake, aliyeitwa vilevile William Johnson, anaaminika kuwa ndiye baba yake, na mwaka 1820 alimpatia uhuru kwa kuliomba bunge la jimbo. Kwa kuwa sheria ilimpa mtoto hali ya mama yake, mwanamume aliweza kuwaachia wanawe wa ndoa ndugu yao wa damu kama sehemu ya mali. Kijana huyu alijifunza unyozi kwa mume wa dada yake, akainunua saluni ya shemeji huyo mwaka 1830, na baada ya kimbunga cha 1840 akajenga nyumba kwa matofali ya majengo yaliyobomoka. Alimiliki pia watumwa, jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipitia harakaharaka.

Mwaka 1851, baada ya mgogoro wa mpaka wa shamba, alipigwa risasi akafa. Mshtakiwa alikuwa jirani yake, Baylor Winn. Walioshuhudia walikuwa watu weusi, mmoja wao mwanawe Johnson, na sheria ya Mississippi haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Winn, ambaye wenyeji walikuwa wamemhesabu miaka yote kuwa wa tabaka lilelile la marehemu, yaani watu huru wenye asili ya Kiafrika, alidai kwamba ukoo wake wa Virginia ulikuwa wa wazungu na Wahindi Wekundu, hivyo mashahidi weusi wasingeweza kusikilizwa dhidi yake. Basi kesi ya mauaji ikageuka kuwa kesi ya mababu. Ilisikilizwa zaidi ya mara moja bila Winn kutiwa hatiani, na mwaka 1853 akaachiwa. Nasaba, ambayo kwenu huletwa mahakamani ili mtu apate fungu lake, hapa ililetwa ili mtoto asiweze kusema nani amemuua baba yake.

Mjane, Ann, alibaki na nyumba, watoto na daftari ambalo mumewe aliandika tangu 1835 hadi kifo chake: mapato, madeni, mbio za farasi, ugomvi wa mjini. Familia iliyatunza maandishi hayo hadi mwaka 1938, yalipouzwa kwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Nyumba sasa ni mali ya serikali, na wageni huruhusiwa kuingia.

Utakapojibu, nieleze shauri la shamba la babu yenu limefikia wapi, na kama shangazi yako amekubaliwa kuwa msimamizi wa mirathi.

Wako daima,
Rafiki yako