Karafuu kwenye vipele vya mbwa na paka

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwatahadharishe wafugaji wa Dar es Salaam wanaopaka mafuta ya karafuu kwenye vipele vya mbwa na paka.

Kwamba karafuu huua bakteria ni kweli. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni eujenoli, ambayo huharibu utando wa seli ya bakteria hadi ivuje. Lakini seli ya ngozi nayo ina utando, na mafuta yasiyozimuliwa huiunguza. Kidonda kinazidi kuwa chekundu, mwenye mbwa anaongeza dawa akidhani haijatosha.

Paka asipakwe kabisa, hata tone. Ini lake ni dhaifu katika kuvunja kemikali za jamii ya fenoli, ambamo eujenoli imo, na chochote kilicho kwenye manyoya atakilamba. Mafuta ya tea tree, mti wa Australia, nayo ni hatari: kituo kimoja cha sumu za wanyama Marekani kiliandikisha mbwa 337 na paka 106 waliodhuriwa nayo kati ya 2002 na 2012, wengi wakiwa wamepakwa makusudi mafuta ya asilimia 100. Dalili ni kutokwa mate, kuyumba na kutetemeka. Ukiziona, muogeshe kwa sabuni ya maji ya vyombo, usimtapishe, mkimbize kwa daktari.

Maji ya mwarobaini? Kwa mbwa hatugombani nayo sana, ila kila sufuria ina ukali wake, kwa hiyo hakuna anayeweza kukutajia kipimo.

Kinachopimika ni shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, ya asilimia 3 hadi 4. Punguza manyoya, lowesha, paka povu, kisha subiri dakika 10 kwa saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasuuza baada ya dakika moja, halafu wanalaumu dawa. Suuza vizuri, kausha hadi kwenye mikunjo, rudia mara 2 au 3 kwa wiki. Viroboto navyo vitibiwe, la sivyo vipele vitarudi.

Duara lenye magamba pembeni tumboni mwa mbwa huitwa choa na kupakwa dawa ya fangasi. Kumbe mara nyingi ni kipele cha bakteria kilichopasuka. Daktari akigandamiza kioo hapo na kukitazama kwa hadubini, atajua. Wiki 2 zikipita bila nafuu, mwombe aoteshe usaha maabara kabla ya kuandika antibiotiki, maana bakteria wa kawaida wa vipele hivi, Staphylococcus pseudintermedius, wana aina sugu.

Madaktari wa mifugo,
Dar es Salaam