Nyaraka zetu zikae pia mjini kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo ambalo naona tunalizungumza nusu nusu. Tangu mtandao ulipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hadi ulipoanza kurudi 3 Novemba, gumzo la barazani hapa Tanga limekuwa ni nani alizima na kwa nini. Hilo lina uzito wake, na maoni yangu nitayasema. Lakini lipo swali jingine ambalo ni letu wenyewe kulijibu: kwa nini mtandao ukizimwa, hata faili lililoandikwa na mwalimu wa Makorora kwa ajili ya mwanafunzi wa Makorora halifunguki Makorora?

Halifunguki kwa sababu halipo Makorora. Liko kwenye kompyuta ya kampuni fulani ng'ambo, na kila tunapolitaka tunalifuata kwa Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu za mawasiliano za nchi, mpaka Dar es Salaam, kisha kwa nyaya za chini ya bahari. Nyaya za Seacom zilifika Dar es Salaam mwaka 2009, za EASSy mwaka uliofuata, na zimetufaa sana, sina ubishi. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hakuna aliyetuzimia siku ile. Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani, ilipata hitilafu, na programu nyingi duniani zikasimama kwa saa kadhaa. Siku tisa baadaye tukazimiwa hapa nyumbani. Sababu tatu tofauti kabisa, na kwa mwalimu yule wa Makorora matokeo ni yale yale.

Ninachopendekeza ni kitu ambacho vijana wengi wa kompyuta wanakijua ila hawakisemi kwa lugha ya watu: tuweke seva ndogo, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kuyagawa kwa vifaa vingine, majumbani, shuleni, madrasa na kwenye ofisi za vyama vyetu. Nyumbani kwangu Chumbageni ipo laptop ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Nimeiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kuiunganisha kwa waya na rauta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi. Ndani yake kuna Nextcloud inayohifadhi mafaili, picha na kalenda ya familia, kuna Jellyfin inayoonyesha video, na kuna Kiwix inayofungua Wikipedia bila intaneti. Simu yoyote iliyoshika Wi-Fi ya nyumba inaandika anwani ya mashine hiyo, inayoanza na 192.168, na kila kitu kinafunguka. Programu zote hizo hazilipiwi.

Hapa ndipo wengi wanaponiuliza mara mbili, kwa hiyo nieleze taratibu. Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Rauta yako inaviunganisha vifaa vya ndani ya nyumba vyenyewe kwa vyenyewe, hata kama kifurushi kimekwisha, hata kama mnara uko kimya. Intaneti ni mlango tu wa kutokea nje. Mlango ukifungwa, waliomo ndani wanaendelea kuonana. Siku zile za mwisho wa Oktoba watoto wa mtaani waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne walikuja kukaa kibarazani kwangu, simu zikiwa hazina hata baa moja ya data, wakasoma mitihani ya miaka ya nyuma na makala za baiolojia. Binti mmoja alikuwa anachora moyo wa binadamu daftarini, anakuza picha kwa vidole viwili, anarudi kuchora, anakuza tena. Hakuuliza picha inatoka wapi. Huduma ikifanya kazi sawasawa mtu hana haja ya kuuliza.

Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua kiasi cha gigabaiti mia moja. Ya Kiswahili ni ndogo mno, inaingia kwenye fleshi ya kawaida. Shule ya kata isiyo na fedha za kulipia intaneti kila mwezi inaweza kuwa nazo zote mbili leo, ikapakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri na kubebwa mfukoni. Sioni sababu ya maktaba yetu ya mkoa kutokuwa na mashine kama hiyo, na sioni sababu ya Halmashauri ya Jiji kutoziwekea shule zake.

Kuhusu umeme, mashine inayokula wati 10 saa zote itatumia uniti saba na kidogo kwa mwezi. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inakula pungufu ya hapo. Laptop kuukuu ina faida yake, kwamba kama betri bado nzima, umeme ukikatika haizimiki papo hapo, nawe ukiwa na betri ndogo ya rauta unaendelea kama kawaida. Kinachotusumbua watu wa pwani ni chumvi. Hewa ya Tanga haimhurumii mtu. Chomoa waya wa mtandao uliokaa miezi karibu na dirisha la upande wa bahari, utaona vile vishaba vya kichwa chake vimeota ukijani, na feni ya kompyuta imeganda vumbi lenye unyevu kama tope. Mashine ikae chumba cha ndani, juu ya meza, mbali na dirisha, na ifunguliwe kusafishwa mara kwa mara kwa brashi kavu.

Diski nayo hufa, iwe ya bei gani. Anayehifadhi picha za arusi ya wazazi wake mahali pamoja, hata kama ni nyumbani kwake, bado hajahifadhi. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Ya kwangu iko kwa shangazi yangu Ngamiani, imefungwa kwa nywila. Barua pepe simshauri mtu aiendeshe mwenyewe, maana ujumbe unaotoka kwenye mtandao wa nyumbani huangukia kwenye kisanduku cha barua taka (spam) cha anayeandikiwa.

Sasa nije kwenye sheria na siasa, maana haviepukiki. Anayetaka kuifikia seva yake akiwa safarini Korogwe au Dodoma atakutana na kikwazo. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Kutoka nje huwezi kuigonga nyumba yako moja kwa moja. Njia salama ni kujenga njia ya siri kati ya simu yako na mashine yako kwa programu kama WireGuard, ukipitia kompyuta ndogo ya kukodi iliyoko mtandaoni, yenye anwani yake yenyewe. Hiyo ni VPN. Na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN wajitokeze kuzisajili. Mimi naheshimu sheria za nchi yangu. Naomba basi mamlaka iseme kwa Kiswahili chepesi kwamba mwalimu anayeunganisha simu yake na kompyuta yake mwenyewe asome mafaili yake mwenyewe hana kosa, na kama lazima asajili, usajili huo uwe wa dakika chache na bila malipo. Nimeona vijana wenye uwezo mkubwa wakiliacha jambo hili kwa woga tu wa kutoelewa.

Nilipomweleza haya mzee mmoja ninayemheshimu, aliniuliza kama hii si njia ya kujificha. Nilimuuliza nyumba ngapi za Tanga zina simtanki uani. Watu wanaweka matangi huku wanalipa bili ya maji kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuwaita waasi. Akiba haiozi.

Wala seva ya nyumbani haimtoi mtu nje ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamhusu hata maalim wa madrasa anayetunza majina ya watoto, namba za simu za wazazi na kumbukumbu za ada. Huyo ni mkusanyaji wa taarifa, na ana wajibu. Lakini fikiria wepesi wa kutimiza wajibu huo pale ambapo daftari la watoto liko kwenye mashine iliyofungiwa kabatini, ufunguo anao yeye, kuliko pale lilipo kwenye akaunti ya bure ambayo hajui ipo nchi gani. Tena cha bure kina siku zake. Google Photos ilikuwa inapokea picha bila kikomo. Kuanzia 1 Juni 2021 zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15, na zikijaa ulipie.

Kuhusu kuzima mtandao, nasema wazi kwamba serikali isifanye hivyo tena. Muuza samaki wa Deep Sea, hapa Tanga, anayepokea oda kwa WhatsApp hakuwa na kosa lolote. Mama aliyekuwa na mwanawe chuoni Dar es Salaam siku zile, habari za amri ya kutotoka nje zikimfikia kwa mdomo tu, naye hakuwa na kosa. Waliokufa katika ghasia za uchaguzi ule na waliopoteza ndugu zao wanastahili ukweli, na ukweli huchelewa pale watu wanaponyimwa kuulizana. Seva yangu haiwezi kumpa mama yule sauti ya mwanawe. Hilo nalikubali, na ndiyo maana simwambii mtu kwamba mashine ya nyumbani inachukua nafasi ya mtandao huru. Inalinda tu kile ambacho tayari ni chetu.

Na kilicho chetu ni kingi kuliko tunavyodhani. Septemba 2025 JamiiForums, jukwaa la majadiliano mtandaoni, iliposimamishiwa leseni kwa siku 90, yalikwenda nayo majadiliano ya Kiswahili ya miaka mingi, ya kilimo, ya sheria, ya tiba, ya kuuza na kununua, ambayo watu wa kawaida hawakuweza tena kuyafungua kwa njia waliyoizoea. Yapo makaratasi ya vyama vya mkonge, kumbukumbu za misikiti na parokia, kanda za taarabu zilizorekodiwa kwenye arusi za Ngamiani. Nyingi ya hizi leo ziko kwenye simu moja ya mtu mmoja na kwenye akaunti moja ya mbali.

Ndiyo maana namalizia kwako, Mhariri. Matoleo ya gazeti lako ya miaka iliyopita, na picha zilizopigwa na waandishi wako hapa Tanga, yamehifadhiwa wapi? Kama yapo kwenye tovuti peke yake, naomba ofisi yenu ya hapa mjini iwe na nakala kwenye mashine yake, na nyingine ipelekwe maktaba ya mkoa, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kukaa na simu yake akasoma bila kununua kifurushi. Kuipanga mashine hiyo ni kazi ya mwisho wa wiki mmoja. Niko tayari kuifanya bila malipo, na vijana wa kunisaidia wapo.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga