Picha zako za sifongo wa pangoni

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kuinamia hadubini. Picha zako za sifongo, wale wanyama wa baharini wanaokaa wameshikamana na miamba, nimezipata, na najua unasubiri majina ya spishi zao. Majina sina, na kwa picha peke yake sitayapata.

Pangoni rangi haiaminiki. Mtazame sifongo aitwaye Petrosia ficiformis wa Mediterania: penye mwanga ana rangi ya zambarau, kwa sababu ya bakteria wanaohitaji jua wanaoishi kwenye ngozi yake. Mkute gizani, ni mweupe pe. Spishi ni ileile. Umbo nalo hubadilika kufuata mkondo wa maji.

Kwa hiyo twende kwenye kiunzi. Unakata kipande kidogo, unakitia kwenye asidi ya naitriki, nyama inayeyuka, chini panabaki unga mweupe. Chini ya hadubini unga huo ni vijisindano vya silika (madini ya kutengenezea kioo), yaani spikuli: vingine vimenyooka, vingine vina ndoano pande zote mbili, vingine ni nyota kamili. Unavipima kimoja kimoja kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Inachosha, lakini mimi ndiyo sehemu ninayoipenda. (Sifongo wa chokaa usimtie asidi, utabaki na maji matupu!) Sifongo aitwaye Oscarella hana spikuli hata moja, kwa hiyo huyo hutambuliwa kwa vinasaba.

Hata kiunzi kimewahi kuwapoteza wataalamu. Mwaka 1970 wanasayansi Hartman na Goreau waliunda ngeli nzima (kundi kubwa la uainishaji wa viumbe), Sclerospongiae, kwa ajili ya sifongo wenye kiunzi kigumu cha chokaa waliowakuta kwenye mapango ya miamba ya Jamaika. Baadaye ikaonekana hao si ukoo mmoja, na ngeli ikafutwa.

Ninayempenda kuliko wote ni yule wa pango la 3PP, karibu na La Ciotat, Ufaransa. Pango lile linateremka kuelekea ndani, hivyo maji baridi yakiingia hayatoki, na viumbe wa kilindini wanaishi humo kwenye kina ambacho mzamiaji wa kawaida anafika. Mwaka 1995 watafiti Vacelet na Boury-Esnault walieleza kwamba sifongo huyu mdogo hachuji maji kabisa, tofauti na sifongo wa kawaida wanaopata chakula kwa kuyachuja. Hana hata vijitundu vya kupitishia maji. Ana nyuzi zenye spikuli za ndoano. Kijidudu jamii ya uduvi kikinasa, seli zinatambaa na kukifunika, na siku chache baadaye kimekwisha. Sasa, sifongo asiyechuja maji ni sifongo kweli? Spikuli zake ndizo zilizojibu: ni wa familia ya Cladorhizidae, inayojulikana kutoka kilindini.

Basi ukizama tena, piga picha kabla ya kukata, maana rangi hufa kwenye spiriti. Kipande kikubwa kama ukucha kinatosha. Andika kina na umbali kutoka mlangoni. Na yule mweupe wa picha ya tatu, nakuomba uanze naye.

Wako,
Rehema