Kwa vijana wa zamu ya usiku

Wanangu,

Mjukuu wangu mnafanya naye kazi, na ndiye aliyeniambia kwamba mmeamua kumkomoa supavaiza mpya. Mnaingia kwa wakati, mnatoka kwa wakati, katikati mnategea. Mgomo baridi.

Siwashangai. Nimefuma nguo miaka 31 na wanyapara wa kila namna nimewaonja. Mwaka 1971, TANU, chama tawala cha wakati ule, ilipotoa tamko lake la Mwongozo, ibara ya 15 iliwakataza viongozi ubwana na majivuno, na wafanyakazi wa Dar es Salaam tuliishika kweli kweli; wapo mameneja waliofungiwa nje ya viwanda vyao. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee anatetea mabosi.

Ila nilikuwa na mnyapara mmoja niliyemchukia hata mlio wa viatu vyake. Miezi minne hatukusemeshana. Usiku mmoja nikaona kinga ya mkanda wa mtambo wangu imelegea. Kuripoti ni mpaka nimwendee yeye. Nikajisemea, aione mwenyewe, si ndiye anayejua kila kitu? Saa kumi na mbili asubuhi nikakabidhi zamu kimya. Haijafika saa nne, mwenzangu aliyepokea mtambo ule akapoteza vidole viwili. Mnyapara wakati huo yuko ofisini, anakunywa chai.

Mapenzi nayo yana yake, hilo watu hawalisemi. Baadaye, nimehamia kwenye uchapaji, tukapata bosi mpole, mtu wa kukuuliza hali ya mama yako. Tulimpenda mno. Siku moja kanga zikaanza kutoka jina limerukwa herufi, neno zima likageuka tusi. Tuliona watatu, na hakuna aliyetaka kumharibia siku. Doti zikarudishwa kutoka madukani (nani avae tusi harusini?), na aliyeitwa juu kujieleza ni huyo huyo tuliyemwonea huruma.

Sasa nyinyi, hasira zenu ziandikeni kwenye daftari: tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo. Kwenye tawi la chama cha wafanyakazi nendeni wawili watatu, mmoja ataonekana mkorofi. Akiwazidishia saa, sheria ya ajira ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Akimfukuza mtu kwa uonevu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila siku za kupeleka shauri ni 30 tu. Wengi huzimalizia kijiweni wakilalamika.

Na alfajiri ya leo, kabla hamjavua maovaroli, mwambieni anayepokea kila mlichokiona kwenye mtambo. Hata kama supavaiza amesimama pale pale anasikiliza.

Babu yenu,
mfumaji mstaafu