Asante sana mama wa boti ya Mokowe

Jamani naomba nimshukuru mama mmoja hapa, jina lake hata sikuuliza na najuta mpaka leo. Tulikuwa kwenye boti kutoka Mokowe tunarudi Amu, yaani Lamu, mimi na kijana wangu wa miaka 18, kamaliza fomu foo mwaka jana, tumezunguka na bahasha ya vyeti wee kila mahali anaulizwa eksipiriensi, sasa mtoto ndio kwanza atoka shule ataitoa wapi hiyo?

Yule mama alikuwa kakaa mbele yetu na kapu lake la maembe, akamgeukia mwanangu akamuuliza, "Mikono yako yajua nini?" Kijana akamwambia huwa namsaidia mjomba kupiga msasa milango. Basi akamshika vidole akaviangalia, akatoa simu papo hapo akampigia fundi wa nakshi, akamwambia nakuletea mwanangu. Mwanangu! Na ndio kwanza amuona.

Leo ana miezi miwili karakana, alianza kwa kufagia na msasa tu, sasa fundi ashampa patasi achonge maua ya pembeni kwenye mlango wa mbambakofi, na ule mti ni mgumu si mchezo. Mshahara wa kwanza kaniletea leso, nikalia.

Mama, Mungu akuzidishie, akutunzie wanao. Ukipita mtaa wa Langoni hapa Amu asubuhi uliza kwa muuza mahamri, ndio mimi, chai yako iko.